Ukisafiri, Laini Yako Isibaki Nyumbani

Juzi Jumamosi tulikula chakula cha mchana na marafiki wanne hapa Nairobi. Haukuwa mkutano wa kazi. Mmoja wao alikuwa amekuja likizo kutoka Uingereza, tukaitana, nyama ikaagizwa, ugali na kachumbari vikafuata. Kabla kachumbari haijaisha mezani, mazungumzo yalikuwa yameshaingia kwenye kero za ndege. Si unajua vile huwa: mtu mmoja akianza kusimulia alivyovuliwa mshipi na viatu mbele ya watu, kila mtu anakumbuka yake.

Hawakutaka majina yao yatajwe, kwa hivyo tutawaita kwa kazi zao. Mwalimu anafundisha shule ya upili na hualikwa makongamano. Baharia ni wa Mombasa, huruka kwenda kuungana na meli popote ilipotia nanga. Mama Duka ananunua nguo Dubai na Istanbul. Na Nesi ndiye aliyekuwa mgeni wetu.

Tulicheka sana siku hiyo. Lakini kicheko kilikatika mahali fulani, na hapo ndipo hoja yetu ya leo ilipoanzia.

Kero za kucheka

Mwalimu alianza. Alikuwa akienda Accra, akabeba zawadi ya mwenyeji wake: chupa mbili za achari ya maembe kutoka Mombasa, kwenye begi la mkononi. Kwenye ukaguzi akaambiwa haziendi.

“Lakini hii ni chakula, si maji!” akalalamika.

“Mama, ukiigeuza inamwagika?” afisa akamuuliza.

“Inamwagika kidogo.”

“Basi hiyo kwetu ni maji.”

Achari ikabaki. Sheria yenyewe ilianza 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuvunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Tangu hapo kitu chochote cha majimaji, cha kupaka au cha rojorojo kinatakiwa kiwe kwenye chupa isiyozidi mililita 100, na chupa zote zitoshe kwenye mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha ndani. Viwanja vingine vimepata mashine mpya na kulegeza masharti, lakini usitegemee hilo, maana unapobadilishia ndege huenda bado wanashika sheria ya zamani. Achari, asali na siagi ya karanga weka kwenye mzigo mkubwa.

Alipofika Accra, Mwalimu alikuwa na wasiwasi mwingine. Kitabu chake cha manjano cha chanjo ya homa ya manjano kilikuwa kimepita miaka 10. Hakuna aliyemsumbua, na haki ilikuwa yake: tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kilichapishwa tarehe ya mwisho. Kama kitabu chako ni cha zamani lakini kinasomeka, usikimbilie kulipia sindano nyingine.

Baharia naye akaja na ya saa. Tiketi yake ilisema 00:40, Jumanne. Akapiga hesabu: hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku, siku ya Jumanne. Basi Jumanne jioni akaaga watu, akaingia uwanja wa ndege saa tatu usiku na begi lake. Ndege ilikuwa imeondoka saa ishirini zilizopita.

“Na mjue,” alisema, “bibi yangu angesoma ile tiketi sawa kuniliko mimi. Kwa watu wa kwetu wa zamani, usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Jua likizama Jumatatu, tayari ni Jumanne. Mimi na shule yangu ndio nilipotea.”

Tiketi mpya alijilipia mwenyewe. Ushauri wake ni mfupi: ukiona saa inaanza na 00, 01 au 02, nenda uwanja wa ndege jioni ya siku iliyotangulia ile iliyoandikwa.

Mama Duka alikuwa na hadithi ya mizani. Kila begi lake lilitakiwa lisizidi kilo 23, na moja likasoma 27. Akafungua masanduku sakafuni mbele ya foleni nzima, akavaa makoti matatu, jua la Dubai likimngoja nje. “Nilitoka jasho kama niko Lodwar,” alisema. Halafu akaitwa tena: begi lililokwisha kupita lilikuwa na pawabanki ndani. Betri hizo haziruhusiwi kwenye mzigo mkubwa hata kidogo, kwa sababu zikishika moto chini hakuna wa kuzizima. Zibebe mkononi. Kiwango kinachopita bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege ni wati-saa 100. Pawabanki ya kawaida ya mAh 20,000 ina takriban 74, kwa hivyo iko sawa. Cha muhimu ni maandishi yake yasomeke.

Na mzigo ukipotelea njiani? Wote wanne yamewahi kuwapata. Usitoke uwanjani kabla ya kuripoti na kupewa karatasi yenye nambari ya ripoti. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama, malalamiko ya mzigo ulioharibika yaandikwe ndani ya siku 7 tangu uupokee, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21. Risiti ya mswaki na shati ulilonunua ukiungoja, itunze.

Haya yote yanachosha, lakini yanakula muda tu, na mwaka ukipita yanageuka kuwa hadithi za mezani. Sisi hatuoni sababu ya kuyakosea usingizi.

Kero za pesa

Mama Duka akaendelea, na hapa tukaanza kusikiliza kwa sikio la kazi. Alikuwa akilipa kwa kadi dukani Dubai. Mashine ikamuuliza: ulipe kwa dirham au kwa shilingi za Kenya?

“Nikachagua shilingi,” alisema. “Kwa uzalendo.”

Uzalendo huo ni ghali. Ukichagua shilingi, anayepanga bei ya kubadilisha ni mwenye mashine, na ndani yake ameweka faida yake. Ukichagua pesa ya nchi uliyomo, hesabu inafanywa na aliyekupa kadi, na mara nyingi bei yake ni afadhali. Tuseme kitu ni dirham 1,000. Kadi yako ingehesabu shilingi 35 kwa dirham moja, mashine ya duka inahesabu 37. Tofauti ni shilingi 2,000 kwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Kwa mtu anayelipa mara kumi kwenye safari moja, hiyo ni 20,000. Ukiulizwa swali hilo popote duniani, chagua pesa ya pale pale ulipo.

Noti nazo zina mambo yake. Shilingi ya Kenya ukiivusha nje ya Afrika Mashariki ni vigumu kupata wa kuibadilisha, na ukimpata atakukata vibaya. Dola zilizochakaa, zenye mhuri au alama ya kalamu, na zile za miaka ya zamani, maduka mengi ya kubadilisha pesa hapa kwetu huzikataa au huzipa bei ya chini. Noti za 50 na 100 hupata bei nzuri kuliko za 1, 5 na 10, lakini beba ndogo chache, maana hakuna anayependa kuvunja noti ya 100 kwa chupa ya maji. Na ukibeba taslimu zinazofika dola 10,000 au thamani yake, ukitoka au ukiingia Kenya, sheria inataka uzitangaze kwa forodha. Kuzitangaza si kosa. Kosa ni kuzificha.

Mwenye kwenda nchi za Ghuba ana jambo moja la kumrahisishia hesabu. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725. Riyali ya Saudia nayo ni 3.75 kwa dola. Kwa hivyo ukijua dola imeamkia shilingi ngapi, gawanya tu. Duka la kubadilisha pesa likikupa hesabu iliyo mbali sana na hiyo, vuka barabara ujaribu la pili.

Kero hizi zina uchungu kidogo kuliko zile za kwanza, kwa sababu muda uliopotea kwenye foleni hauonekani kwenye salio, na hizi zinaonekana. Hata hivyo ni hasara ya mara moja. Umeumia, umejifunza, safari ijayo unajua.

Kisha Nesi akaongea

Nesi alikuwa amecheka na sisi muda wote. Alituambia vile mara ya kwanza alipopitia Dubai alijaribu kumpigia mama yake kwa WhatsApp ikakataa, mama akakesha akidhani mtoto amepotelea jangwani. Kule simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa, ujumbe wa maandishi ndio unaopita. Angejua, angeandika maneno mawili tu: nimefika salama.

Mwalimu akamuuliza: “Na laini yako ya Kenya haikuwa inashika?”

“Laini yangu ya Kenya sikuwa nayo,” akajibu. “Nilimwachia binamu yangu.”

Hapo ndipo kicheko kilipokatika.

Alisafiri 2022. Kila mtu alimwambia ukifika huko romingi itakumaliza, acha laini nyumbani, utanunua ya huko. Na nyumbani kulikuwa na kazi ya kufanya na ile laini: kodi ya nyumba ya mama yake, mchango wa chama kila mwezi, tokeni za stima, karo ya mdogo wake. Binamu yake, mtoto wa shangazi, walilelewa nyumba moja. Akampa laini, na PIN akaiandika nyuma ya risiti.

Miezi ya kwanza hakukuwa na shida yoyote. Kodi ilifika, chama kilipata, hata ujumbe wa kila malipo alimpigia picha na kumtumia. Kisha binamu akapoteza kazi. Siku moja mtoto wake aliugua usiku, akachukua mkopo wa simu wa shilingi 3,000 kwa ile laini. Akaulipa. Kiwango kikapanda. Akachukua tena. Unajua vile mikopo hii inavyokwenda: ukilipa vizuri unaongezewa, na siku ukishindwa unashindwa na kiwango kikubwa. Mwaka ulipoisha, jina la Nesi lilikuwa na madeni sehemu tatu.

Yeye alijua alipoomba mkopo wa SACCO ili anunue kiploti. Akaambiwa jina lake liko CRB. Jumla ilikuwa shilingi 86,000.

Tena si hilo tu. Aliwahi kutaka kuingia kwenye tovuti ya huduma za serikali kuomba cheti fulani. Nambari ya uthibitisho ikatumwa kwenye simu ya Kenya, kama kawaida. Ilikuwa saa tatu usiku kule, majira ya baridi, huku ni saa sita usiku, na mwenye simu amelala. Nambari ikaisha muda. Kesho yake hivyo hivyo. Cheti chake, jina lake, nambari yake, na hakuweza kufungua mlango.

Alipopiga simu kulalamikia mikopo, alijibiwa kwamba kila muamala ulifanywa kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake na kwa PIN sahihi. Akatugeukia sisi pale mezani akatuuliza: “Kama ningepiga kwenu, mngeniambia nini?”

Tulitazamana. Tungemwambia hivyo hivyo.

“Pesa nimelipa,” alisema. “Kinachoniuma ni shangazi. Ananiambia, ulimpa mwenyewe, sasa unamwita mwizi. Kwenye mazishi ya babu hatukusalimiana.”

Msimamo wetu

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi tunaosaidia wateja kila siku tunasema wazi: kati ya kero zote za safari za nje, kuacha laini nyumbani ndiyo moja ambayo msafiri anajitengenezea mwenyewe, na ndiyo inayoweza kumgharimu kwa miaka. Nyama ilipoa tukiijadili, na tulipoamka mezani tulikuwa tumekubaliana wote watano: laini isafiri na mwenyewe.

PIN ni sahihi yako. Ukimwachia mtu laini na PIN, umemwachia sahihi ya kutia popote, hata mahali ambapo hukuwahi kufikiria. Ulidhani unampa kazi ya kulipa kodi na stima. Kumbe kwenye laini hiyo hiyo kuna mikopo, kuna akaunti ya benki iliyounganishwa, kuna barua pepe inayofunguliwa kwa nambari hiyo, kuna chama kinachoamini kwamba anayejibu ni wewe.

Na kuna jambo ambalo halisemwi sana. Unapomwachia mtu laini yenye pesa na mkopo ndani yake, yeye naye umemweka kwenye mtihani. Binamu wa Nesi hakuanza kama mwizi. Alianza kama baba mwenye mtoto mgonjwa saa nane usiku, na mkononi ana kitu kinachoweza kutoa 3,000 kwa dakika moja. Wengi wetu tukiwa wakweli hatujui tungefanya nini. Kumpenda ndugu yako ni pamoja na kutomwekea jaribu hilo.

Tunajua kwa nini watu huiacha

Hatusemi haya kama watu wasiojua maisha. Mwenye kusafiri kwa miaka miwili hawezi kuacha kodi ya mama yake ikae. Tuliulizana pale mezani, na kila sababu ya kuacha laini tuliipatia njia nyingine.

“Romingi ni ghali.” Ni kweli kwa intaneti na kwa kupiga simu. Lakini unachohitaji zaidi ni kupokea ujumbe mfupi wa benki, wa malipo na wa uthibitisho. Washa romingi ukiwa bado Kenya, maana ukishavuka huenda isiwezekane kuiwasha. Uliza mtandao wako kupokea ujumbe ukiwa nje ni bei gani. Halafu zima data ya laini hiyo kwenye mipangilio ya simu. Laini ya Kenya ikae kwenye nafasi ya pili, ya nchi uliyomo ikae ya kwanza. Ukienda Uganda, Rwanda au Sudan Kusini, kuna makubaliano na Kenya tangu 2014 ya kushusha gharama za simu kuvuka mipaka. Hata hivyo uliza bei kabla hujaondoka.

“Nani atalipa kodi na karo?” Wewe. Karo ya muhula ilipe yote moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kabla ya kuondoka, ukiweza. Kodi weka agizo la kudumu benki, litoke kila mwezi bila mtu kubonyeza. Kwa yale madogo madogo, mtumie ndugu yako pesa kwenye laini yake mwenyewe, kiasi cha kazi ya mwezi huo. Akikosea, amekosea na kiasi hicho tu, na jina lako liko salama. Wote wawili mnaona nani alipokea nini na lini. Mali bila daftari huisha bila habari, na ujumbe wa simu ndio daftari letu siku hizi.

“Nina duka.” Mama Duka alicheka hapa, kwa sababu yeye alishaumia zamani. Laini ya biashara iwe mbali na laini yako binafsi. Mhudumu wa duka apewe uwezo wake na PIN yake, apokee malipo lakini asiweze kukopa wala kutoa jioni bila wewe kujua. Njia hiyo ipo kwenye huduma nyingi za malipo ya biashara. Wafanyabiashara wengi hawaiulizii, nasi hatuisemi kwa sauti ya kutosha.

“Je, nikipatwa na jambo huko?” Hili ni swali la kweli na halina jibu la PIN. Kwa shamba, benki na mambo makubwa, mwanasheria anaweza kukuandikia hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukuwakilisha, ikitaja anaweza kufanya nini na hawezi nini. Karatasi hiyo ina mipaka. Laini na PIN havina.

“Laini isipotumika si itafungwa?” Inaweza, na nambari ikapewa mtu mwingine. Ndiyo sababu zaidi ya kwenda nayo: iwekee salio kidogo na uitumie mara kwa mara.

Na sisi pia tuna deni

Tusijifanye watakatifu. Watu wengi huacha laini nyumbani kwa sababu sisi wa sekta hii tuliwazoesha kwamba laini ni mahali pamoja: hapa, Kenya, karibu na wakala. Msafiri akijaribu kufungua programu yake kutoka nje, mara nyingine anafungiwa kama mwizi, na wa kumsaidia anamwambia tembelea duka letu lililo karibu nawe. Duka gani, mtu yuko Manchester?

Kwa maoni yetu kampuni za malipo, yetu ikiwemo, zinapaswa kufanya mambo matatu. Kwanza, mteja aweze kutuambia anasafiri tarehe fulani hadi fulani, ili malipo yake kutoka nje yasishtue mtu. Pili, aweze kuzima mikopo kwenye laini yake kwa muda anaotaka, na isiwashwe tena bila yeye mwenyewe kuthibitisha. Nesi angekuwa na kitufe hicho, leo angekuwa anasalimiana na shangazi yake. Tatu, kuwe na njia ya kumpa mtu wa familia uwezo wa kulipa vitu vilivyotajwa tu, kwa jina lake na PIN yake. Haya tumeyaandika ndani ya kampuni pia, siyo hapa tu, na ni haki ya wateja wetu kutuuliza yamefika wapi.

Aliyebaki nyumbani naye ajiandae

Matapeli wanapenda sana mtu akisafiri. Ukiweka picha ya pasi yako ya kupandia ndege kwenye hali ya WhatsApp, umewapa jina lako, tarehe, na saa ambazo simu yako itakuwa imezimwa. Ndani ya saa hizo mama anapigiwa: “Mama, ni mimi, nimekwama airport, simu yangu imechukuliwa, tuma kwa hii nambari haraka.” Mama anajaribu nambari yako, haipatikani. Anatuma.

Na kuna ile ya upande wa pili: eti rafiki kutoka ng’ambo amekutumia zawadi, imeshikwa uwanja wa ndege, tuma ada kidogo iachiliwe. Ukituma ada, kunatokea ada nyingine. Ushuru halali haulipwi kwa kutuma pesa kwenye nambari binafsi ya mtu usiyemjua.

Kabla ya kuondoka, kubalianeni nyumbani neno moja la siri ambalo halijaandikwa popote. Jina la ng’ombe wa zamani, jina la mbwa aliyekufa, chochote. Anayedai ni wewe aulizwe neno hilo. Asipolijua, simu ikatwe, hata akilia. Picha ya pasi weka ukisharudi.

Kabla ya kufunga begi

Tukifupisha:

- Romingi ya laini ya Kenya iwashwe ukiwa nyumbani, data yake izimwe, salio kidogo liwekwe.
- Badilisha PIN yako wiki ya safari, hasa kama kuna mtu aliyewahi kuijua.
- Weka kufuli la PIN kwenye laini yenyewe, ili simu ikiibwa laini isifanye kazi kwenye simu nyingine. Nambari ya kuifungua iache mahali salama.
- Jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi, na pasipoti iwe na zaidi ya miezi 6 mbele. Nchi nyingi zinataka hivyo.
- Beba kadi pamoja na taslimu kidogo za nchi uendako au dola safi, na visikae mahali pamoja.
- Iambie benki na kampuni yako ya malipo kwamba unasafiri, na uandike kwenye karatasi nambari za kuwapigia ukiwa nje.
- Neno la siri la familia. Usilisahau.

Kama laini yako tayari iko mkononi mwa mtu na wewe uko mbali, usione haya na usisubiri likizo. Mwombe leo akutumie orodha ya miamala, badilisheni PIN mkiwa kwenye simu pamoja, na laini ije na msafiri wa kwanza unayemwamini, ikiwa imefungwa kwa PIN mpya unayoijua wewe peke yako. Uombe pia ripoti yako ya CRB uone jina lako limelala wapi. Na mwambie ndugu yako kwa upole kwamba humshuku. Unamtua mzigo ambao hakustahili kubebeshwa.

Bili ilipokuja siku ile, Mama Duka aliwahi kuinyakua, lakini Nesi alikataa. Akatoa simu yake yenye laini mbili, akalipa mwenyewe kwa laini yake ya zamani, ile ile. Tukasikia simu ya mhudumu ikilia. “Imeingia,” akasema.

Safari njema.